Mara Moja ni Muda Gani?

Ndugu msomaji, na hasa wewe mwenzangu mwenye daftari la kaunta lililojaa sura tatu za riwaya isiyokwisha, leo nataka tuongee juu ya maneno madogo. Yale makubwa makubwa ya falsafa tuwaachie waliofika chuo kikuu. Mimi naongelea vile vielezi vya Kiingereza ambavyo darasani vilipita chapuchapu, mstari mmoja ubaoni, vyote vikapewa maana moja ya "muda mfupi", kengele ikalia, tukafunga madaftari: "briefly", "shortly", "momentarily", "presently", "soon". Tulinakili. Waliofaulu walifaulu, waliofeli walifeli, maisha yakaendelea.

Kwa mtu wa kawaida maana hiyo moja inatosha. Ukimwambia Mzungu "shortly" ulipotaka kusema "briefly" atakuelewa, ataguna kidogo, na biashara yenu itaendelea. Lakini sisi tunaotaka kuandika hadithi hatuna uso wa kusaidia maneno wala mikono ya kuonyeshea. Msomaji wetu yuko peke yake na karatasi. Ukimwekea kielezi kisicho chake, mhusika wako anafika pale alipotakiwa kuondoka, na anaondoka pale alipotakiwa kukaa. Ndiyo maana nasema hili si jambo la sarufi tu. Ni jambo la nani yuko nyumbani na nani hayupo.

Acha nijieleze mjue nimefikaje huku. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na alama za kunifikisha kwenye gazeti la Kiingereza, si za kunifikisha kidato cha tano. Mchana niko kwenye stesheneri moja huku Mbagala, natoa fotokopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu. Usiku naandika riwaya. Mama anaiita "hiyo kazi yako isiyo na bosi wala mshahara". Basi mwaka huu nikakutana na tangazo la shindano la hadithi fupi. Masharti: Kiingereza peke yake, maneno yasiyozidi 3,000. Nikasema haya, nitachukua sura ya kwanza ya riwaya yangu niitafsiri mwenyewe. Kurasa nne za mwanzo zilikwenda kama maji. Ukurasa wa tano nikakwama kwenye sentensi ya maneno manne tu, sentensi ambayo nimeisikia nyumbani kwetu tangu nikiwa mtoto: "Baba alikuja mara moja."

Nilikaa nayo usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nitawaambia kwa nini, lakini twende kwa mpangilio. Kwanza tuvitenganishe hivi vielezi, maana vinabanana kama abiria wa daladala, na kumbe kila mmoja ana kituo chake cha kushukia.

Tuanze na "briefly" na "shortly". Ukitazama shina utadhani ni ndugu wa tumbo moja. "Brief" ni fupi, neno la Kilatini lililopitia Kifaransa. "Short" nayo ni fupi, Kiingereza cha asili. Mtu atadhani ukiziongezea "-ly" utapata mapacha. Wapi! "Briefly" inapima urefu wa jambo lenyewe. "Shortly" inapima umbali wa kulifikia jambo hilo. Basi lililosimama Chalinze "briefly" limesimama dakika chache, abiria wamenunua mahindi dirishani, likaondoka. Basi litakalosimama Chalinze "shortly" bado liko mwendoni, linakaribia kusimama. Likishasimama laweza hata kulala hapo mpaka asubuhi. Hayo "shortly" hayaihusu.

Na hapa Kiswahili chetu, ambacho wengine wanakibeza ati hakina msamiati wa kutosha, kimeliweka jambo hili peupe kwa vineno viwili tu. Tunasema kwa muda mfupi, na tunasema baada ya muda mfupi. "Kwa" ndiyo urefu, "baada ya" ndiyo umbali. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba "nitakaa kwa muda mfupi" na "nitakuja baada ya muda mfupi" ni ahadi mbili tofauti. Kwa hiyo mwenzangu, ukikwama usikimbilie kamusi. Isemee sentensi yako kwa Kiswahili kwanza, tena kwa sauti, usikilize mdomo wako umetoa "kwa" au umetoa "baada ya". Ukisikia "kwa", chukua "briefly". Ukisikia "baada ya", chukua "shortly" au "soon". Halafu "shortly" ina kazi nyingine ya ziada, inakubali kusimama mbele ya kabla na baada: muda mfupi kabla ya adhuhuri, muda mfupi baada ya mvua. Hapo "briefly" ukiichomeka inakaa kama mgeni asiyealikwa.

Bado kuna mtego, na huu ni mtego wa waandishi hasa. Mhusika aliyezungumza "briefly" amesema machache. Pengine ni mgeni rasmi mwenye huruma na watu waliokaa juani. Lakini mhusika aliyejibu "shortly" amejibu kwa mkato, kwa ukali, kana kwamba umemchosha. Fikiria basi umemjenga babu mpole kurasa 60 nzima, mjukuu anamuuliza swali, na wewe kwa kutaka kusema alijibu kwa maneno machache unaandika kwamba alijibu "shortly". Umempa babu hasira ambayo hakuzaliwa nayo. Msomaji atafunga kitabu akijiuliza mtoto amekosa nini.

Tuje kwa "momentarily", hili ndilo lenye vituko. Kwa Mwingereza maana yake ni kwa kitambo kidogo sana: taa zilizimika "momentarily", zikarudi kabla hujapapasa kiberiti. Kwa Mmarekani ina maana hiyo, na juu yake ina maana ya baada ya kitambo kidogo. Kuna mzaha wa siku nyingi kuhusu tangazo la ndani ya ndege, kwamba ndege itatua "momentarily". Mmarekani anafunga mkanda wake akijua amefika. Mwingereza mkorofi anauliza: sasa ikigusa chini sekunde mbili na kuruka tena, sisi tutashukaje? Kamusi ya Oxford ya wanaojifunza Kiingereza imeiwekea maana hiyo ya pili alama ya Kimarekani, na yule aliyeianzisha kamusi hiyo, A. S. Hornby, alikuwa mwalimu wa Kiingereza huko Japani. Toleo la kwanza kabisa la kazi yake lilichapwa Tokyo mwaka 1942. Habari hiyo niliipenda sana. Kumbe kamusi tuliyokuwa tukigombania maktaba ya shule haikuanza kwa ajili ya watoto wa London. Ilianza kwa ajili ya watu wanaoingia Kiingereza kwa mlango wa uani, kama sisi.

Hata "moment" yenyewe, mzazi wa "momentarily", hapo kale ilikuwa kipimo halisi. Wasomi wa Ulaya wa enzi za kati waliigawa saa moja mafungu 40, kila fungu likaitwa hivyo, yaani kama sekunde 90. Leo mtu akikuomba umsubiri "a moment" usitoe saa. Utaumia.

"Temporarily" tuipitie haraka. Hii kwa Kiswahili ni "kwa muda", basi, bila "mfupi". Haikuahidi ufupi, imeahidi mwisho tu. Kibao cha "huduma imesitishwa kwa muda" kinaweza kupauka ukutani mpaka herufi zisisomeke, na bado hakijasema uongo.

Sasa nitawaambia jambo lililonishangaza kuliko yote. Maneno haya yanachakaa. "Soon" katika Kiingereza cha kale haikuwa baadaye kidogo. Ilikuwa papo hapo. "Anon", ambayo siku hizi utaikuta kwenye tamthilia za zamani, ilianza ikiwa papo hapo, ikalegea ikawa baadaye kidogo. "Presently" vivyo hivyo. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ule mtini wa Mathayo 21 unanyauka "presently", na hapo maana yake ni mara ile, si baada ya chakula cha mchana. Binti wa Herodia, katika Marko 6, anapoomba kichwa cha Yohana Mbatizaji, anakitaka "by and by", na hakuwa tayari kusubiri hata dakika. Msomaji wa leo wa Kiingereza akikutana na "by and by" anaona mtu aliyejinyoosha kivulini. Zote hizo zimewahi kuwa papo hapo, na zote zimelegea.

Kwa nini zinalegea? Sababu ni sisi binadamu. Mtu anasema "papo hapo" halafu anachelewa. Waliomsubiri wanajifunza maana ya neno kutokana na alivyochelewa, si kutokana na alivyosema. Wala tusiwacheke Waingereza, nenda kasimame kituoni Mbagala Rangi Tatu. Konda anakwambia, "Ingia dada, tunaondoka sasa hivi." Unaingia, unakaa, unamaliza karanga, unamaliza na muda wa maongezi wa simu, sasa hivi haijafika. Sasa hivi ya konda haipimwi kwa saa, inapimwa kwa viti vitupu. Na "kitambo" je? Kamusi za zamani zitakwambia ni muda mfupi. Vijana mtaani wanasema "kitambo sana hatujaonana", wakimaanisha miaka. Neno lilelile, limetoka dakika limehamia miaka, nasi tuko hapa tunaliangalia.

Wazee wao wanalijua hili bila kamusi. Siku moja alikuja dukani kwetu mzee mmoja na bahasha iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu nisomee hapa, macho yangu hayataki Kiingereza."

Ilikuwa barua ya ofisi fulani kuhusu madai yake. Barua ya mwezi wa pili, na siku hiyo tulikuwa mwezi wa nane. Ilimwambia kwamba suala lake lingeshughulikiwa "shortly".

"Wanasema watalishughulikia hivi karibuni, babu."

"Karibuni ya lini?"

"Mwandishi hakuweka tarehe, babu."

Mzee akaichukua barua yake, akaikunja mara nne tena. "Basi nami nichapie jibu. Waambie mimi nitakufa hivi karibuni, na sitaweka tarehe."

Tulicheka, yeye na mimi na mteja wa fotokopi. Nikamchapia barua yenye adabu kuliko hiyo, nikawaomba watutajie siku. Lakini maneno ya yule mzee yamenikaa. "Shortly" ni tamu kwa anayeisema na ni ndefu kwa anayeisikia. Saa iko mkononi mwa mmoja, kusubiri kuko mgongoni mwa mwingine. Ukiandika kielezi cha muda kwenye hadithi yako jiulize: hapa nani ameshika saa? Ukishapata jibu, nusu ya hadithi umeipata.

Halafu angalieni hiyo "hivi karibuni" niliyomtafsiria. Kiswahili kina maneno yanayotazama mbele na nyuma kwa wakati mmoja, kama mtu aliyekaa katikati ya kitanda. "Tutakuja hivi karibuni", "walikuja hivi karibuni". "Habari zilizotufikia hivi punde", "tutawaletea habari hivi punde". "Ametoka sasa hivi", "natoka sasa hivi". Neno halijabadilika hata herufi. Kinachokuonyesha upande ni kitenzi, ile "-me-", ile "-li-", ile "-ta-". Kiingereza kimegawa kazi: kilichopita kipe "recently", kijacho kipe "soon" au "shortly". Kwa hiyo unapotafsiri kutoka kwetu kwenda kwao, kielezi chako kinahojiwa pale mpakani: umetoka wapi, unakwenda wapi, utakaa siku ngapi? Nyumbani hakuna aliyewahi kukiuliza.

Na hapo ndipo sentensi yangu iliponasa.

"Mara moja" ni neno la ajabu. Mwalimu mkuu akisema "njoo ofisini mara moja", hiyo ni upesi, bila kuchelewa. Ukisema "nimekwenda Zanzibar mara moja", hiyo ni hesabu, si mara mbili. Ukisema "natoka mara moja", uswahilini kila mtu anajua umefuata chumvi dukani na mlango hufungi, hiyo ni kwa kitambo kidogo. Kiingereza kina neno kwa kila chumba: "at once", "once", "briefly". Baba alikuja mara moja. Haya, ipi?

Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa. Dar mpaka Tunduma, kuvuka Zambia, mpaka Lubumbashi. Alituacha nikiwa mdogo, hakuna aliyenisimulia vizuri sababu, na siku hizi siiulizi. Mama hakuwahi kumsema vibaya. Akiulizwa na majirani kama yule bwana alirudi tena, alijibu kwa ile sentensi ya maneno manne na kuendelea na shughuli zake. Nami nimekua nayo nikiihesabu: mara moja, yaani siku moja. Siku ile naikumbuka kama ndoto. Kofia, harufu ya dizeli, pipi ya kijiti, mtu mrefu amenipakata. Sura nzima ya kwanza ya riwaya yangu imesimama juu ya siku hiyo.

Kalamu ikataka kuandika "once". Lakini kwa kuwa nilishajua neno lina vyumba vitatu, nikaona nisiingie bila kubisha hodi. Mwenye sentensi alikuwa uani anachambua mchele.

"Mama, ukisema baba alikuja mara moja, unamaanisha alikuja mara ngapi?"

"Mara moja." Hakuinua kichwa.

"Yaani siku moja tu, au alikuja akaondoka upesi?"

"Wewe nawe! Hicho Kiingereza chako ndicho kimekutuma kwangu?"

"Ndicho, mama."

Akaokota kijiwe, akakitupa. "Hakuvua viatu," akasema. "Lori aliliacha barabarani na utingo wake, na utingo anapiga honi. Akakaa hapo kizingitini, akanywa maji, akaondoka. Ndiyo mara moja hiyo."

"Lakini mimi nakumbuka alikaa. Alinipakata."

"Hiyo ni ile ya kwanza, ulikuwa na miaka minne. Mimi nasema ya pili. Ulikuwa darasa la tatu. Ulikuwa shule."

Nilikaa chini kwenye mkeka. Mama akaendelea na mchele wake.

"Alikuja saa ngapi?"

"Saa sita na nusu. Nikamwambia subiri, mtoto anatoka saa saba, sasa hivi tu atakuwa hapa. Akasema lori halina pa kuegesha."

Basi, ndugu msomaji, hivyo vielezi viwili nilivyokuwa navipanga mezani usiku kucha, kimoja huku kingine kule, vyote vilikuwa nyumbani kwetu mchana mmoja. Baba alikaa kwa muda mfupi. Mimi nilikuwa wa kurudi baada ya muda mfupi. "Briefly" na "shortly". "Kwa" haikuisubiri "baada ya", na kati yao ilipungua nusu saa.

Sikumuuliza kwa nini hakuniambia. Nilipofikiri niliona ameniambia miaka yote. Kila aliposema mara moja alikuwa ananiambia. Mimi nilisikia hesabu, yeye alisema viatu. Lugha yetu ilimpa nafasi ya kunieleza na kunifichia kwa sentensi ileile, na nadhani alihitaji yote mawili. Isingekuwa kile Kiingereza kigumu kinachotaka kujua kila kitu, tungeishi na mara moja yetu mpaka uzeeni, kila mtu na yake.

Baadaye, ungo umeshakuwa mtupu, aliniuliza, "Na hayo nayo utayaandika?"

"Ukiniruhusu, mama."

Akafikiri. "Andika. Ila useme alileta mchele wa Kyela, kilo kumi. Usimwandike kama mtu aliyekuja mikono mitupu."

Nimesema.

Sasa ikabaki kazi ya kutafsiri. Watu wengine wanadhani mwandishi wa kweli hasumbuliwi na neno moja. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ikatoka mwaka 1963. Hakuridhika, akairudia, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Huyo ni rais wa nchi, mwenye mambo mengine ya kufanya. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kigikuyu, ikatoka mwaka 1980, kisha akaileta mwenyewe kwenye Kiingereza mwaka 1982. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar, aliandika Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994. Wasomaji wa Kiswahili waliipata kama Peponi mwaka 2022, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Miaka 28! Hadithi inavuka mpaka kwa taratibu zake. Mimi na usiku wangu watatu sina haki ya kulalamika.

Nilichofanya ni hiki. Katika Kiswahili sikugusa kitu. Mtoto anasikia mara moja, msomaji anasikia mara moja, na sura ya mwisho itawafundisha wote wawili pamoja. Katika Kiingereza nilijaribu "once", nikaona ukweli wa mama umepotea. Nikajaribu "briefly", nikaona utoto wangu umepotea. Mwishowe nikaiacha "mara moja" kama ilivyo, kinywani mwa mama, katikati ya Kiingereza, kama Gurnah anavyoyaacha maneno ya kwetu ndani ya vitabu vyake, nikaiacha hadithi yenyewe imweleze msomaji vile vyumba vyake. Na pale baba anapokuja mara ya pili sikuweka kielezi chochote. Niliandika kwamba hakuvua viatu. Yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya mkeka anajua hicho ni kipimo gani cha muda, na asiyejua atajifunza.

Kwa hiyo kabla sijaweka kalamu chini, yachukueni haya matatu, ni bure. Mosi, jiulize kama unapima urefu au umbali, "kwa" au "baada ya". Pili, jiulize msomaji wako yuko upande gani wa bahari, hasa ukiitamani "momentarily". Mimi binafsi nimeiweka kando, maana "for a moment" na "in a moment" zipo, zinaeleweka pande zote mbili na hazimkeri mtu. Tatu, tazama kama kitenzi hakijabeba mzigo tayari. Kusita ni kwa muda mfupi, huna haja ya kuandika alisita kwa muda mfupi. Kutupa jicho ni upesi kwa asili yake. Na Kiswahili kina "kupitia": alipitia nyumbani, basi, hakukaa, na hukuongeza kielezi hata kimoja. Fungua daftari lako usiku huu, tafuta kila "muda mfupi" uliyoiandika, uiulize swali. Nyingine zitajibu. Nyingine zitakutuma uani kwa mama yako.

Hadithi nimeituma, maneno 2,940. Waandaaji wamenijibu kwa adabu kwamba matokeo yatatangazwa "shortly". Tarehe hawakuweka. Mimi nimeshaanza sura ya pili.